Bei ya Mwisho ya Shavu la Mama Mdogo

Jumatatu, 3 Machi

Mwandani wangu mchunguliaji, najua upo. Kila shajara ina mtu wa kuichungulia. Karibu, kaa, ila usinihukumu kabla hujafika mwisho.

Leo nimepewa kazi ya heshima. Kikao cha familia, sebuleni kwa Mama Mdogo. Kikao chenyewe watu watatu: yeye, mimi, na binamu yangu, binti wa Mama Mkubwa, anayefanya kazi benki. Namwita Bibi Benki kwa sababu hata chumvi akiiomba mezani unajisikia kutoa kitambulisho. Ajenda: shavu.

Ngoja nieleze. Mama Mdogo ndiye aliyenilea. Alikuwa na uvimbe kwenye taya, akapasuliwa, ukatolewa, akapona. Tunashukuru. Ila shavu la kushoto liliingia ndani. Si sana. Kama godoro pale mtu anapolalia kila siku. Kabla ya hapo alikuwa mapokezi kwenye nyumba ya wageni, kaunta ya mbele. Aliporudi kazini meneja akamwambia apumzike nyuma kidogo. Nyuma ni chumba cha mashuka. Hicho kidogo hakijaisha mpaka leo. Anakunja mashuka ya wageni asiowaona. Nyumbani anakaa kiti cha pembeni, shavu limeelekea ukutani, na picha za familia anapiga yeye ili asiwemo.

Sasa amesikia kuna sindano ya kujaza. Wenyewe wanaiita fila. Dawa laini kama jeli, inaingizwa chini ya ngozi, palipobonyea panainuka. Akiba anayo. Na meneja anatafuta mtu wa kaunta, amempa Mama Mdogo mpaka Ijumaa ya wiki ijayo aseme kama yuko tayari kurudi mbele. Anachotaka ni kitu kimoja tu, na alikisema huku anatazama ukuta: apatikane wa kusema bei ya kweli na kazi ya kweli. Uso si kiatu, huwezi kuurudisha dukani.

Bibi Benki akadakia kwamba ataulizia yeye. Nikamwambia dada, wewe unajua bei zilizoandikwa, mimi najua zilizofichwa. Nauza mitumba. Robota likiwa limefungwa bado, nalizunguka tu na kujua ndani kuna magauni mazima au matambara. Wa kunificha mimi bei hajazaliwa.

Mama Mdogo akatuangalia, mmoja halafu mwingine. Akanipa mimi! Bibi Benki akatoa lile tabasamu la dirishani, la kukwambia mtandao hakuna.

Fila yote nimeshajifunza. Video za jioni moja. Hakuna kigumu.


Jumanne, 4 Machi

Nimeiandikia kila kliniki ya urembo niliyoiona kwenye simu. Swali fupi, la kiungwana: kujaza shavu bei gani?

Wa kwanza katuma mioyo na neno karibu. Wa pili kasema bei inategemea. Nikauliza inategemea nini. Inategemea matokeo unayotaka. Nikasema nataka shavu. Inategemea shavu. Wa tatu kanitumia picha za mwanamke mmoja, kabla na baada. Kabla amekaa gizani amenuna. Baada amechana nywele, amepaka wanja, amewashiwa taa. Nikauliza amejazwa shavu au amelipiwa umeme? Kanizuia nisimwandikie tena.

Hakuna aliyetaja bei. Hata mmoja! Sokoni nguo isiyo na bei ina maana muuzaji anataka kwanza akuangalie viatu. Basi nimepata nadharia. Bei iko kwenye viatu vya mteja. Na mimi ninayo meza nzima ya viatu, nguo na mikoba. Nitakwenda kliniki moja mara mbili, kwanza tajiri, halafu maskini. Tofauti ya bei ndiyo uongo wenyewe. Nikiuondoa uongo, kinachobaki ni ukweli. Wanasayansi wanafanya hivyohivyo.

Nimemweleza Mama Mdogo. Kauliza je, si rahisi zaidi niende tu kama mimi? Nikamwambia kitaalamu haiwezekani.


Jumatano, 5 Machi

Tajiri.

Suti ya rangi ya maziwa, ya juu kabisa kwenye robota. Viatu vya kisigino, vidogo kidogo kwa mguu wangu, lakini tajiri hatembei sana. Miwani ya jua.

Kliniki ya vioo. Sofa la kummeza mtu. Maji yameletwa na kipande cha limau ndani, nikakila kile kipande, baadaye nikaona wenzangu wanakiacha. Msichana wa mapokezi ana uso laini mpaka huwezi kujua amekufurahia au amekasirika. Nikamwambia nimekuja kuulizia shavu la mama yangu mdogo. Kanitazama kwa muda. Kasema tunaweza kuanza na mimi. Kwamba chini ya macho yangu kumechoka.

Sikuwa najua. Macho yangu yenyewe hayakuwahi kulalamika.

Bei: marobota manne. Mimi hesabu yangu ni ya robota, robota la magauni ya gredi ya kwanza, maana ndiyo fedha pekee ninayoielewa mpaka moyoni. Marobota manne kwa mashavu mawili, hapo hujagusa ada ya kumwona mtaalamu, hujanunua krimu ya baadaye. Bei ya kwanza sokoni unaicheka. Ni adabu. Nikacheka. Yeye hakucheka. Nadhani alitaka, uso ndio uligoma.

Nikatoka kwa madaha. Nje, kwenye kioo cha mlango, nikaona mgongo wangu. Kibandiko! Bei ya koti, kwa kalamu nene, mwandiko wangu mwenyewe, na chini yake nimeandika maongezi yapo. Mle ndani mote, mwenye bei ya wazi nilikuwa mimi peke yangu.


Alhamisi, 6 Machi

Maskini.

Sweta lenye tundu kwenye kiwiko, ndala, uso bila mafuta. Kliniki ileile, msichana yuleyule. Kama alinitambua, uso haukusema. Nikamwambia kwa sauti ya kinyonge habari ya shavu la mama yangu mdogo.

Marobota sita!

Nikadhani nimesikia vibaya. Akanifafanulia kwa upole kwamba kwa wateja wa hali yangu wana mpango mzuri, unalipa kidogo kidogo, kila mwezi, huumii. Haba na haba hujaza kibaba, sawa, ila kibaba ni cha kwao. Nadharia yangu ilisema maskini atapunguziwa. Kumbe maskini anauziwa ghali zaidi, anapewa tu muda mrefu wa kulia.

Halafu akaongeza kwamba midomo yangu ni myembamba. Jana haikuwa myembamba. Jana yalikuwa macho tu.

Nimempigia Bibi Benki kumweleza huu ugunduzi. Kasema unaitwa riba na upo tangu zamani. Kasema pia kuna daktari ametajiwa na mteja wake, bei ziko ukutani, kwa nini nisiende. Nikamwambia dada, uniache nifanye kazi.

Jioni nimesimama mbele ya kioo. Midomo. Hebu.


Ijumaa, 7 Machi

Mama Mdogo leo karudi kutoka kazini na habari. Meneja kamuuliza amefikia wapi na lile jambo letu. Kamjibu mwanangu anashughulikia. Mwanangu ni mimi. Nikajisikia mzito, kama nimebebeshwa mzigo kichwani na wa kunitua hayupo.

Nimekwenda kliniki ya pili, ghorofani, juu ya duka la dawa. Jamaa mmoja, koti jeupe, simu mbili. Bei: nusu robota! Nusura nimkumbatie. Halafu nikauliza, nusu robota ni kwa shavu au kwa kazi nzima? Kasema kwa sindano moja. Na shavu linakula sindano ngapi? Kasema tunaongeza mpaka uso wenyewe useme basi.

Na anayesikia uso ukisema basi ni nani? Ni yeye.

Nimewahi kuona wizi mimi. Lakini hii ni kuuza suruali kwa mguu mmoja mmoja halafu kumwambia mteja hatujui ana miguu mingapi. Nikaaga. Akanishika mkono, akanigeuza kwenye mwanga, akasema pua yangu ingenyooka vizuri sana kwa sindano moja tu. Moja, mbili.

Kwa hiyo hesabu mpaka leo: macho, midomo, pua. Nimetoka nyumbani kutafuta bei ya shavu la mtu mwingine, narudi na uso mbovu.


Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwa daktari wa Bibi Benki. Si kwa kumtii. Kwa kutafuta ujanja wake uko wapi.

Ngazi za saruji, benchi la mbao, harufu ya spiriti. Hakuna limau. Ukutani kuna ubao, herufi kubwa. Sindano moja ya fila: robota moja na nusu. Chini yake: boksi linafunguliwa mbele ya mgonjwa. Ukirudi kuangaliwa, hulipi. Na chini kabisa, mwandani, mstari ulionichoma: bei haipungui.

Haipungui! Bei gani hiyo isiyopungua? Bei isiyoshuka haina adabu, haikutambui kama mtu. Nikamwendea nesi, nikaanza kiungwana. Nikamsifia kibanio cha nywele. Nikamuuliza bei ya mwisho ngapi. Akanyoosha kidole ukutani. Nikamwambia mimi naleta wateja, nina jina sokoni. Akanyoosha kidole. Nikamwambia kule ghorofani ni nusu robota. Akasema karibu ghorofani.

Ikabidi nitumie sheria kuu ya soko. Unapanda mabega, unasema basi, unaondoka pole pole. Hakuna muuzaji anayestahimili mgongo wa mteja. Nikaondoka. Mlango. Ngazi. Nikashuka kwa kituo. Nikasimama chini kabisa, nikafunga kamba ya kiatu kisicho na kamba.

Hakuna aliyeniita.

Nikarudi juu, nikasema nimesahau mwavuli. Jua linawaka. Wakati natafuta mwavuli nisiokuja nao, daktari mwenyewe akatoka chumbani. Mama mtu mzima, miwani imeshuka puani. Nikamweleza yote, shavu, taya, kliniki, bei. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza: "Mwenye shavu yuko wapi?"

Nikasema nyumbani.

"Basi mlete. Mimi sijui kumpima mtu kwa maelezo ya mwingine."

Nikaona nisitoke bure. Nikamwuliza, na mimi uso wangu una tatizo gani? Akanitazama, akasema sina tatizo, akaita anayefuata. Kuna wataalamu wameona macho, midomo na pua kwa kunitupia jicho tu, yeye ana miwani na hakuona kitu. Daktari gani huyo?

Nimempa Mama Mdogo ripoti. Nimesema yule wa ubao nina shaka naye, ni mgumu, hana ubinadamu. Habari ya boksi nimeiacha, ripoti isiwe ndefu. Bibi Benki, ambaye alikuwa amekuja kula, akauliza bei ikiwa imeandikwa shaka iko wapi. Nikamwambia hata uongo huandikwa. Mama Mdogo akainuka kuondoa sahani, akapita upande wa ukuta.


Jumapili, 9 Machi

Nimempata! Mwandani, nimempata, na alikuwa mtaa wa pili muda wote.

Fundi Kucha. Anatengeneza kucha, anabandika kope, sasa ameingia kwenye fila. Kanieleza amesoma. Nikauliza amesoma wapi, kasema kwenye simu. Nikamheshimu papo hapo, mimi na yeye ni shule moja.

Kafungua bei na robota zima. Nikacheka. Naye akacheka! Nikajua niko nyumbani. Nikataja robo, akashika kifua kama nimemchoma kisu, akasema shosti unataka wanangu walale njaa. Nikasema shosti wanao wamenenepa kuliko mimi. Tukaenda hivyo, raha tupu, mpaka nikapanda mabega na kuondoka, na sijafika mlangoni akaniita. Kuitwa kulivyo kutamu! Nusu robota, mashavu mawili, ofa ya leo tu. Nikatoa arbuni kutoka kwenye mtaji wangu mwenyewe, sikugusa akiba ya Mama Mdogo. Arbuni hairudi, kasema. Nikasema haitahitaji kurudi.

Nikakimbia nyumbani. Mama Mdogo, mashavu mawili kwa nusu robota! Yule wa ubao anataka robota na nusu kwa sindano moja!

Akainua mkono, akajigusa shavu la kulia, lile zima.

"Mwanangu, hili halina ugonjwa."

Nilikuwa sijafikiria. Wiki nzima napatana bei ya jozi, kama viatu. Nikarudi mbio kwa Fundi Kucha nikamwambia ni moja tu. Kasema moja au mawili ni ileile, la pili lilikuwa zawadi. Nikarudi tena nyumbani. Mama Mdogo akauliza kama nimeshalipa. Nikasema arbuni. Akapumua. Akasema hajui mambo ya bei, kesho atakuja, maana ananiamini mimi.

Nimeyaandika hayo maneno kama alivyoyasema. Bibi Benki hajawahi kuambiwa hivyo.


Jumatatu, 10 Machi

Sijui nianzie wapi.

Chumba cha Fundi Kucha kiko nyuma ya pazia, mbele kucha, nyuma fila. Kiti cha kulalia, taa ya mezani, friji ndogo yenye soda. Mama Mdogo amevaa blauzi nyeupe ya kaunta, ile ya zamani, ameipiga pasi mpaka kola inasimama. Akakaa. Na mwenyewe, bila kuambiwa, akageuza shavu la kushoto kwenye taa. Muda mrefu sijaliona shavu hilo kwenye mwanga.

Mimi nikaona kabla kazi haijaanza nimalizie kipande cha mwisho cha bei. Nikamwambia Fundi Kucha, shosti, kama shavu ni moja, na nusu ya ile nusu ikatwe. Akagoma. Nikapanda mabega. Akafikiria. Akasema sawa, kwa bei hiyo atatumia iliyobaki ya mteja wa asubuhi. Ilibaki kama nusu, iko kwenye friji, bado nzuri.

Naandika hili kwa shida. Nilifurahi. Moyo uliruka! Bei imeshuka tena! Nikamgeukia Mama Mdogo aone nilichomfanyia.

Yeye alikuwa anaangalia friji. Fundi Kucha akatoa sindano imeviringishwa kwenye karatasi laini, katikati ya chupa za soda. Mama Mdogo akauliza boksi lake liko wapi. Akajibiwa, anti, dawa ni dawa. Akauliza hiyo nusu nyingine iko kwenye uso wa nani. Akajibiwa asiwe na wasiwasi, ncha ya mbele imebadilishwa.

Akashuka kitini. Akafunga kifungo cha kola. Akamshukuru Fundi Kucha kwa muda wake, maana yeye ni mtu wa mapokezi, hatoki mahali bila kuaga.

Nje, barabarani, nikaanza kumweleza habari ya arbuni. Akasimama. Hakupandisha sauti.

"Umekata bei, umekata, umekata, mpaka umefika kwenye nyama yangu."

Tukatembea. Alitembea upande wangu wa kulia, shavu la kushoto limenielekea mimi, na nikaona ni heri angelificha.


Jumanne, 11 Machi

Sijafungua meza. Mvua ya asubuhi nikaisingizia.

Mama Mdogo kaenda kazini, karudi. Wamemweka msichana mwingine kaunta, wa kujaribu. Alinisimulia hivyo tu, kama anasimulia hali ya hewa. Msichana mzuri, kasema, ila hajui kuwapokea watu, anawatazama mizigo badala ya macho. Halafu akaingia chumbani na simu. Nikasikia anaongea na Bibi Benki. Sauti ya chini. Nikasikia neno ubao.

Nilitaka kugonga mlango niseme kitu. Nikasimama pale na mkono hewani. Sikujua kitu chenyewe ni kipi, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.


Jumatano, 12 Machi

Wamekwenda kwa daktari wa ubao, wawili, yeye na Bibi Benki. Mimi sikualikwa. Nikafuata nyuma kwa umbali wa heshima, na bado wakaniona. Kwenye benchi Bibi Benki akasogea kunipa nafasi. Hakusema neno. Kumbe angenisema ingeniuma kidogo.

Daktari alisoma karatasi za hospitali za upasuaji, zote, mpaka za nyuma. Akabonyeza kovu taratibu. Akauliza wapi pana ganzi, wapi panauma, akitafuna panakuwaje. Maswali marefu, bila kutaja fedha. Halafu akamweleza Mama Mdogo ukweli wake. Sindano moja inatosha, na kama itabaki, inayobaki inatupwa, haihifadhiwi kwa mtu yeyote. Shavu halitarudi kuwa lile la zamani, litakaribia. Panaweza kuvilia damu siku kadhaa. Likitokea jambo lisilo la kawaida, arudi siku hiyohiyo, usiku au mchana. Na dawa yenyewe haidumu. Mwaka, pengine zaidi kidogo, inayeyuka, na akitaka tena atalipa tena.

Inayeyuka! Wiki nzima nimezunguka, hakuna aliyeniambia kwamba inayeyuka. Wala mimi sikuuliza. Nilikuwa nauliza bei.

Nilidhani Mama Mdogo atainuka. Akasema mwaka mmoja mbele ya watu si haba. Akalipa bei ya ukutani, yote. Ulimi wangu ukaniwasha, nilikuwa nataka tu kuuliza kama kuna punguzo la mteja mpya, Bibi Benki akanikanyaga mguu. Boksi likafunguliwa mbele yake, Mama Mdogo akasoma tarehe mwenyewe, kwa sauti. Nilikuwa nimeshika mkoba wake. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa.

Baadaye wakampa kioo. Pamevimba kidogo, kuna alama nyekundu. Akajitazama kushoto. Akajitazama mbele. Akaomba kitana.


Ijumaa, 14 Machi

Leo nimepita kwenye nyumba ya wageni kwa kisingizio cha kuuza mapazia. Mama Mdogo alikuwa kaunta! Amepaka poda palipovilia. Meneja amempa kaunta kuanzia asubuhi, yule msichana amebaki pembeni yake anajifunza. Mgeni mmoja alikuwa anafoka habari ya chumba. Mama Mdogo akamtazama usoni, uso mzima, akamwacha amalize, akamwuliza safari ilikuwaje. Yule mtu akasahau alichokuwa anafokea.

Aliponiona akaniita kaunta kama mgeni. Akaniuliza kwa sauti ya chini, nimejifunza? Nikasema sana, Mama Mdogo. Akanishika kidevu, akaniambia nikale, nimekonda. Nikatoka pale macho yamelowa. Vumbi.

Na ni kweli nimejifunza. Nimejifunza kwamba mtu asikubali haki yake ipotee. Kwa hiyo kutoka pale nikanyoosha moja kwa moja kwa Fundi Kucha kudai arbuni.

Kasema hairudi. Nikasema huduma sikupata. Kasema hairudi, lakini inaweza kuhama. Ihamie wapi? Ihamie kwangu. Akanivuta dirishani, akanigeuza huku na huku. Macho yamechoka, kasema. Midomo myembamba. Mwandani, mimi sikumwambia kitu! Haya ni maneno yaleyale ya kliniki ya vioo, na wale wawili hawajuani. Wataalamu wakikubaliana hivyo, ni nani wa kubisha? Anayebisha ni daktari mmoja tu, tena mwenye miwani na bei isiyoshuka.

Tukapatana. Nimemkamua, huamini. Macho na midomo, vyote viwili, kwa arbuni ileile na kidogo sana juu yake. Ofa ya mpaka kesho asubuhi. Habari ya boksi sikuigusa, maana ukiuliza boksi bei inapanda.

Mama Mdogo sijamwambia, ana kazi nyingi kaunta. Bibi Benki ndiyo kabisa. Niko mbele ya kioo hapa, najitazama, na kwa kweli sioni mtu niliyekuwa namwona mwanzo wa mwezi. Namwona mwenye macho yaliyochoka. Arbuni yangu iko kule, nisipokwenda imekufa, nikienda nimeiokoa. Haya, mchunguliaji wangu, na wewe una uso: ungekuwa mimi, ungefanyaje?